Muulize Shangazi wa Jikoni: Samoni aliwe na nini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nimeolewa huku Stavanger, Norwei. Tarehe 17 Mei ndo sikukuu yao ya taifa na safari hii wakwe wanakuja kula kwangu, tutakua watu 6 pamoja na mama yangu ambaye amenitembelea kutoka Tanga. Samoni nimeshanunua ubavu mzima, huyo hanipi shida, shida ni vya pembeni. Mume wangu anasema viazi vya kuchemsha na tango inatosha ndo wanavyokula kwao, mama anasema bila wali hajala, mimi nilikua nafikiria wali wa nazi na mchicha wa nazi ili wakwe nao waonje vya kwetu. Nishike lipi nisije nikaaibika?
Mke wa Stavanger

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mpe salamu zangu nyingi. Mumeo ndo kawashinda wote hapo, ila usimwambie haraka.

Iko hivi, samoni ana mafuta mengi. Huyo wa kufugwa, ambaye ndo mtakua mnauziwa huko manake Norwei ndo wanaongoza duniani kwa kumfuga, ana kama gramu 13 za mafuta kwenye gramu 100 za mnofu, wakati changu wetu hata 3 hafikishi. Ndo maana changu ukimpaka tui zito anafurahi, yeye mwenyewe mkavu. Sasa samoni umletee wali wa nazi, alafu mchicha wa nazi, na najua utakua umeshamdondoshea na siagi juu, mtu akifika tonge la tano mdomo umeshaganda mafuta anatafuta maji. Mie nazi naipenda mpaka basi lakini siku hiyo iache kabatini. Pembeni ya samoni weka kitu kichachu, kitu kinacholia mdomoni, na wanga usio na mafuta yake. Ukishika hilo hata ukichanganya vya Tanga na vya Norwei hakuna atakayekushangaa.

Tango ndo ulipe heshima zaidi, watu wanalidharau lakini ndo linalobeba sahani nzima. Likate duara nyembamba kabisa, karibu uone kisu upande wa pili, nyunyiza chumvi liache dakika 10 litoe maji, kamua kidogo kwa mkono. Changanya siki, maji kiasi hicho hicho na sukari vijiko vitatu vinne vya chakula mpaka iyeyuke, pilipili manga kidogo, mwagia na weka kwenye friji angalau nusu saa. Angalia chupa ya siki kabla hujamimina, huko kwenu wanauza ya asilimia 7 ambayo ndo ya kutumia hivi na kuna nyingine ya asilimia 35, hiyo ni kali hatari lazima izimuliwe sana, usije ukaunguza koo za wakwe siku ya sikukuu. Wao watataka na yale majani membamba ya dili juu, waweke tu. Mama akisema mbona hamna pilipili, katakata moja mbichi pembeni kwenye kibakuli chake pamoja na achari ya embe kama kabeba (na najua kabeba, mama gani wa Tanga anapanda ndege bila achari).

Kachumbari je? Ya nyanya na vitunguu inafaa sana na samoni lakini usiweke na hilo tango meza moja, vyote vichachu vitagombana. Chagua kimoja, mimi kwa wakwe wa Kinorwei ningechagua tango.

Viazi chagua vidogo, chemsha na maganda yake kwa maji yenye chumvi ya kueleweka. Vikiiva mwaga maji, rudisha sufuria kwenye moto mdogo bila mfuniko dakika moja uwe unaitikisa mpaka mvuke uishe. Watu wengi hawafanyi hivo ndo maana viazi vyao vinakuja mezani vina majimaji. Usiviponde na siagi wala usivikaange, vitakua na mafuta vile vile. Rømme, ile krimu yao chachu, iweke kwenye bakuli kila mtu ajichotee.

Na wali wa mama pika. Basmati, maji na chumvi, uchambuke punje punje, alafu ukishaiva kwaruzia ganda la limau juu ugeuze. Sio pilau! Pilau ina mambo yake mengi na itamfunika samaki. Mboga ya kijani chukua asparagasi, mwezi wa tano ndo zinaanza, au maharage machanga, dakika 3 kwenye maji yanayochemka alafu maji ya baridi zisipoteze rangi. Mchicha wa nazi wapikie siku nyingine na kuku.

Vyote hivyo viwe tayari kabla samaki hajaingia oveni. Kwa nyuzi 200 kipande cha gramu 150 kinaiva dakika 12 mpaka 15, ubavu mzima unachukua zaidi kidogo kulingana na unene, na ukiona anatoa mautomvu meupe mengi kama ute wa yai basi huyo umeshamkausha, mtoe. Samoni hapendi kusubiri viazi, ila viazi na tango vinaweza kumsubiri yeye.

Kikibaki kitu ponda samaki na viazi, weka kitunguu, ndimu, pilipili na kotmiri, choma katlesi kesho yake. Hapo ndo mama yako ataanza kuwafundisha wakwe kupika.

SWALI: Shangazi habari, niko Dar, nimeona vipande vya samoni wa barafu supamaketi, bei imechangamka kweli lakini nataka nijaribu mara moja. Naweza kula na ugali au naharibu?
Baba Junior

JIBU: Huharibu chochote baba, ugali ndo wanga usio na mafuta tuliousema hapo juu. Kwanza muache ayeyuke kwenye friji usiku kucha, mkaushe ngozi na tishu, muweke ngozi chini kwenye kikaangio mpaka ngozi iwe kavu inalia, mgeuze kidogo tu. Hapa sasa kachumbari ipige kwa ndimu nyingi, kitunguu kioshe na chumvi kwanza, na mboga iwe matembele au mchicha wa kukaanga kwa mafuta kidogo. Chipsi acha.

SWALI: Niko Nyeri, samoni hapa ni hadithi tu. Kuna mbadala?
Mama Wanjiru

JIBU: We mama uko Nyeri unatafuta samoni wa nini na Kiganjo wanakozalisha trauti iko hapo hapo kwenu! Trauti ni wa ukoo mmoja na samoni, anafanana hata kwa ladha ila mafuta yake ni machache, kwa hiyo wewe una ruhusa ambayo mwenzio wa Stavanger hana. Mpike mzima na limau tumboni, viazi vya kuchemsha, mishiri (yale maharage machanga), na ukitaka katui ka nazi pembeni mwagia, huyo anabeba.