Bisibisi ikae kwanza kwenye boksi

Mdogo wangu unayeanza gereji, gari iliyogoma kabisa kuwaka haitakusumbua sana. Itakayokutoa jasho ni ile inayowaka vizuri, inatetemeka kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) kama ina homa, halafu inazima kwenye foleni ya Mabatini hapa Mwanza huku daladala nyuma zinapiga honi. Mwenyewe atakuja na dawa yake mkononi: "Fundi, sailensa iko chini, niongezee." Skrubu ya kuipandisha unaiona pale kwenye throtobodi, mlango wa hewa ya injini, bisibisi unayo. Usiiguse.

Mimi niliigusa. Nilikuwa bado mwanafunzi, gereji moja ya Nyakato, Corolla ya miaka ya tisini yenye injini ya 5A. Nikaipandisha sailensa, gari ikatulia, mzee akalipa akaondoka anacheka. Siku ya tatu akarudi: gari inanuka petroli, plagi nyeusi tititi. Nikaweka plagi mpya. Haikupita wiki ikamzimikia katikati ya mlima wa Bugando. Fundi mkuu hakushika hata spana. Alipitisha vidole kwenye kampira kembamba kanakotoka kwenye manifodi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, kwenda kwenye sensa ya MAP inayopima mvuto wa humo, akakakunja, ufa ukafunguka kama mdomo wa sato. Akakata ncha iliyopasuka, kama sentimita mbili, akakarudisha. Gari ikanyamaza.

Injini ile haipimi hewa moja kwa moja. Kompyuta inakadiria hewa kwa mvuto ulio ndani ya manifodi. Mpira wa sensa ukivuja, sensa inaona mvuto umepungua, kompyuta inadhani dereva amekanyaga mafuta, basi inamwaga petroli. Skrubu yangu ilikuwa imefunika ugonjwa tu.

Tangu siku ile nauliza kwanza: inazima wakati gani? Ikizima ukikanyaga breki, bana mpira wa busta, kile kinachosaidia mguu kwenye breki kwa mvuto wa injini. Sailensa ikitulia, busta inavuja, na hapo mwambie mwenyewe asiendeshe mpaka itengenezwe. Ikizima ukiwasha kiyoyozi, au ukiachia mafuta ghafla, fungua throtobodi uangalie masizi, pamoja na valvu inayopitisha hewa ya sailensa. Inasumbua ikiwa ya baridi tu, ikipata moto inakaa sawa? Sensa ya joto la maji, usiende mbali.

Inayosumbua asubuhi za mvua, hewa ya ziwa ikiwa nzito, huwa ni moto wa plagi. Subiri giza liingie, washa injini, funua boneti, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia karibu na waya za plagi na kifuniko cha distributa. Moto ukivuja utauona: vicheche vya bluu vinarukia bodi, na unausikia tik, tik, tik. Mikono iwe mbali. Nimemwona kijana akirushwa na waya mmoja akagonga kichwa kwenye boneti. Tulicheka, yeye hakucheka.

Ikiwa inamisi muda wote, yaani silinda moja haichomi, chomoa soketi ya nozeli (ya kupulizia petroli) moja moja injini ikiwa inaunguruma. Ukichomoa ikadhoofika, silinda hiyo inafanya kazi. Ukichomoa isibadilike chochote, umeipata. Wapo mafundi wanaochomoa waya za plagi badala yake, lakini moto ukikosa pa kwenda unaweza kuua koili inayouzalisha, na koili utainunua wewe.

Kwa Toyota nyingi za zamani, huna haja ya mashine ya kupimia. Tafuta kiboksi cha plastiki chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa ya injini. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, kompyuta haina lalamiko. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 31 inakupeleka kwenye ile sensa ya MAP, na kampira kake. Kaguse kabla hujamtuma mtu dukani.

Baada ya yote hayo ndiyo ufikirie skrubu: injini imepata moto, feni imezunguka ikasimama, taa na kiyoyozi vimezimwa. Mimi nikifika hapo, mara nyingi nakuta mshale wa mizunguko ya injini umeshakaa wenyewe kati ya 700 na 800 kwa dakika, bisibisi hata sijaitoa.