Jibu: Sentensi yako ya filamu ya miungu ya Kigiriki

Habari ndugu. Umesema umekwama kwenye sentensi moja ya kueleza filamu yako: "Kijana anapambana na miungu ya Kigiriki kuokoa dunia". Angalia kwanza hilo neno "miungu". Ni wengi mno, chagua mmoja. Wagiriki wa kale mara nyingine walimzika maiti na sarafu mdomoni, nauli ya Charon, mvushaji wa roho kwenye mto wa kuzimu. Hapo pana filamu kabisa: "Binti wa miaka 15 aliyeiba sarafu mdomoni mwa marehemu kaka yake ili anunue mkate lazima ashuke kwa Hades, mungu wa kuzimu, kuirudisha, kabla Charon hajamwacha kaka huyo ufukweni milele."

Sentensi ya filamu yangu ilikaa sawa nilipotanguliza kosa la mhusika. Jina lake usiweke, umri unatosha. Isome kwa sauti. Ukiishiwa pumzi, punguza.