Jibu: Mafaili ya zamani hayaonekani kwenye utafutaji

Ndugu, umeeleza kwamba FSCrawler, programu inayopitia folda na kusoma mafaili yake, inaingiza mafaili ya masjala yenu hapa Dodoma kwenye Elasticsearch, yaani mfumo wa kutafuta ndani ya nyaraka, na kwamba nyaraka mpya zinapatikana, ilhali zile zilizotoka Dar es Salaam na kuhamishiwa folda hiyo hazionekani. Anwani ya folda uliyoandika kwenye mipangilio haina kosa, vinginevyo hata hizo mpya zisingeonekana. Kiini ni tarehe ya faili kubadilishwa: katika kila mzunguko, ambao usipobadilishwa huja kila baada ya dakika 15, programu hutafuta mafaili yenye tarehe ya baada ya mzunguko uliotangulia, kwa hiyo faili lililohamishwa likiwa bado na tarehe yake ya mwaka 2016 hurukwa kimya kimya. Izime FSCrawler, kisha uiwashe kwa kuongeza --restart kwenye amri ya kuiwashia, mara hii moja tu, nayo itasoma folda nzima upya. Kwa masjala kubwa ni afadhali kufanya hivyo jioni, watumishi wakishaondoka. Amri ya touch, ambayo hulipa faili tarehe ya sasa, nayo hufaa, ingawa mimi siipendi kwa nyaraka za masjala, kwa sababu hufuta tarehe halisi ya faili kubadilishwa mara ya mwisho. Hakikisha pia kwamba akaunti inayoendesha programu ina ruhusa ya kusoma mafaili hayo.