Kupanda mlima na mama na watoto wakati wa kipupwe: jihadharini na jasho

SWALI: Naishi Masasi. Likizo ya mwezi wa sita nataka kuipeleka familia Kilimanjaro kupitia lango la Marangu, tufike kambi ya Mandara na ikiwezekana tuendelee hadi kambi ya Horombo. Tutakuwa mimi, mke wangu, watoto wawili wa miaka 12 na 8, na mama yangu mzazi wa miaka 61 anayetumia dawa za presha. Milima ya mawe ya hapa nyumbani tunaipanda bila shida. Kinachonisumbua ni baridi. Nimenunua makoti mazito ya mtumba, kila mtu na lake. Yanatosha? Na mama anaweza kwenda?

JIBU: Makoti yabebeni, lakini msipande mkiwa mmeyavaa. Sisi watu wa kusini tukisikia Kilimanjaro tunajifunga koti tangu langoni, na nusu saa baadaye mgongo mzima umelowa jasho. Ukiwa unatembea hulioni tatizo, maana mwili unazalisha joto. Shida inaanza mkikaa kula. Jasho likikauka huondoka na joto la mwili, kama mtungi unavyopoza maji, na fulana ya pamba hukaa na unyevu huo kwa saa nyingi. Nimeshuhudia watoto wakitetemeka saa sita mchana, jua linawaka, kisa ni fulana tu.

Nguo ya kugusa ngozi isiwe ya pamba. Jezi ya mpira inafaa sana, na najua hamkosi nyumbani. Juu yake sweta la sufu au jaketi laini la poliesta, yale yenye manyoya mafupi yanayojaa kwenye marobota ya mitumba. La nje liwe koti jepesi lisilopitisha maji wala upepo. Lile zito likae juu kabisa kwenye begi: mkisimama linavaliwa kabla hata ya kufungua chakula, mkiondoka linavuliwa. Mkianza safari mnatakiwa kusikia kibaridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto zuri, umevaa kupita kiasi. Suruali za jinzi ziacheni Masasi, zikilowa hazikauki. Mtoto wa miaka 8 apate nguo kavu za akiba kuliko wote, kwa sababu mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo hupoteza joto haraka. Kofia ya sufu na glavu ni za kila mtu.

Kuhusu ukubwa wa baridi yenyewe, kadiria hivi: kila mkipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 au zaidi kidogo. Mandara iko kwenye mita 2,700 hivi. Siku ambayo Masasi ina nyuzi 25, kule tegemea kama 11 mchana, usiku ni chini ya hapo. Mwezi wa sita si msimu wa mvua, ila msidanganyike. Upepo uleule wa kusi unaochafua bahari ya Mtwara ndio unaosukuma mawingu upande wa kusini na kusini mashariki wa Kilimanjaro, na njia ya Marangu iko huko. Kutoka langoni hadi Mandara, kilomita 8 hivi, mnatembea ndani ya msitu wa mvua. Mchana ukungu hushuka, na miti hudondosha maji hata kama mvua hainyeshi.

Horombo safari hii hapana. Iko mita 3,720, yaani mita 1,000 juu ya Mandara. Ushauri unaofuatwa na madaktari wa tiba ya milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, maana hewa nyepesi ya juu huleta ugonjwa wa mwinuko, na dalili yake ni kuumwa kichwa. Mtu mzima akiumwa kichwa atakwambia. Mtoto wa miaka 8 atanuna, atakataa chakula, wewe utadhani amechoka. Nendeni Mandara na kurudi siku hiyohiyo, baada ya kulala usiku mmoja Marangu. Mwenye nguvu bado, na nadhani atakuwa huyo wa miaka 12, aongezewe kipande kifupi hadi kwenye shimo la volkeno la Maundi, karibu na Mandara. Siku ikiwa safi, kule anaona mbali sana.

Sasa mama. Anaweza kwenda, kwa sharti la kumwona daktari kabla hamjakata tiketi. Akifika kliniki aende na dawa zake mkononi, maana aina zake zina uzito hapa. Zipo zinazopunguza mapigo ya moyo, na anayezitumia huishiwa pumzi mapema na vidole vyake hupoa haraka. Zipo zinazokojosha, na huyo hukaukiwa maji bila kujijua. Asiache kumeza dawa kwa ajili ya safari. Njiani mama atangulie mbele, nyie wote mfuate mwendo wake, na mwendo wenyewe uwe wa kuweza kuzungumza bila kukatisha pumzi. Akina baba wengi hutangulia na kuwasubiri wenzao kwenye kona. Wanaosubiri wanapoa, na anayefika wa mwisho hapumziki, kwa sababu akifika tu wengine wanainuka.

Chukueni waongozaji wawili, hata kama mmoja anaonekana kutosha. Mama au mtoto akihitaji kugeuza, anashuka na mtu mzima mmoja wa familia na mwongozaji mmoja, wengine wanaendelea kwa amani. Na wekeni saa ya kugeuza kabla ya kuondoka. Mkianza saa 2 asubuhi, ikifika saa 7 mchana mnageuza popote mlipo.

Chakula kiwe karibu na mkono: korosho za nyumbani, mayai ya kuchemsha, ndizi, chai ya tangawizi yenye sukari kwenye chupa. Watoto wale kabla hawajasema wana njaa.

Dalili ya baridi kuingia mwilini ni kutetemeka, kisha mikono inakuwa mizito na maneno yanaburuzika. Mwambie mtoto afunge kifungo cha koti. Akishindwa, simameni hapohapo. Mtoeni kwenye upepo, mvueni vyote vilivyolowa, mvisheni vikavu, mtu mzima amkumbatie ndani ya koti, na kama anameza vizuri anywe chai ya moto. Msimsugue mikono na miguu. Wapo wanaobeba nipa, pombe kali ya kienyeji, eti ya kupasha mwili joto. Pombe hupeleka damu kwenye ngozi na joto linatoka nje, kwa hiyo msibebe.

Jambo jingine ni la kwetu hasa. Mtoto aliyetoka Mtwara au Lindi akiumwa kichwa na kutapika mlimani, wazazi huanza kubishana kama ni malaria au ni mlima. Msibishane, shukeni kwanza. Mkifika chini apimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama amepata nafuu. Na kama kuna mwenye selimundu kwenye familia, asipande bila ruhusa ya daktari wake, kwa kuwa baridi, upungufu wa hewa na kukaukiwa maji vyote vinaweza kuleta maumivu makali. Mwenye pumu aweke dawa yake ya kuvuta ndani ya nguo, karibu na mwili.

Kabla ya safari nendeni Newala asubuhi yenye ukungu, mkiwa na mabegi na nguo zilezile. Teremkeni bonde la Shimo la Mungu kadiri njia inavyoruhusu, kisha mpande. Mkifika juu kaeni dakika 20 kwenye upepo, halafu pitisha mkono kwenye mgongo wa kila mtu chini ya nguo. Mwenye mgongo uliolowa alivaa kupita kiasi, mpunguzie nguo na mrudie zoezi wiki inayofuata.