Maswali na Majibu: Laurence O'Toole, Askofu Mkuu wa Dublin

Kila inapokaribia tarehe 14 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Laurence O'Toole wa Ireland, maswali juu yake huongezeka. Haya ni baadhi.

Nimesoma kwamba utotoni alikuwa mateka. Mtoto wa mfalme anakuwaje mateka?

Ireland ya karne ya 12 ilijaa wafalme wadogo, na mfalme mdogo alimkabidhi mwanawe kwa aliye juu yake kama dhamana kwamba hatamwasi. Laurence, aliyezaliwa mnamo 1128, alikuwa na miaka kama 10 alipotolewa kwa Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster. Wakubwa walipokosana, mtoto ndiye aliyeumia: alilala kwenye baridi, akashinda njaa. Baba yake akawakamata askari wa Diarmait na kutishia kuwaua, ndipo mtoto akapelekwa kwa askofu wa Glendalough, penye monasteri. Inasimuliwa kwamba baba alipokwenda kumchukua alitaka kupiga kura ajue yupi kati ya wanawe amtoe kwa Kanisa. Laurence akacheka: kura za nini, na mimi nataka kubaki? Akabaki. Alipofika miaka 25 hivi alikuwa abate wa hapo hapo.

Diarmait yule yule baadaye akawa shemeji yake. Siasa za huko zilikuwa za kindugu kwelikweli.

Anaitwa mleta mageuzi. Alibadilisha nini hasa?

Mageuzi hakuyaanzisha yeye. Sinodi ya Kells ya 1152, mkutano wa viongozi wa Kanisa, ilikuwa imeigawa Ireland katika majimbo makuu manne: Armagh, Cashel, Dublin na Tuam. Kabla ya hapo maaskofu wa Dublin walikwenda kuwekwa wakfu Canterbury, Uingereza. Laurence mwaka 1162 aliwekwa wakfu Dublin kwenyewe, na askofu mkuu wa Armagh.

Kazi yake ilikuwa kuyashusha maazimio hayo hadi kwa mapadri. Katika kanisa kuu la Christ Church aliwaweka wakanoni, yaani mapadri wanaoishi pamoja kama watawa, wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Augustino kwa utaratibu wa Arrouaise, Ufaransa. Naye akavaa kanzu yao, akala nao meza moja na kuamka nao kusali usiku. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wake, maana kuwaamrisha wengine wafunge huku wewe umeshiba ni rahisi. Kwaresima alirudi Glendalough, akajitenga pangoni.

Waingereza walipoivamia Dublin alikuwa upande gani?

Wa watu wa mji. Septemba 1170 Diarmait na Wanormani wa Strongbow, bwana mkubwa kutoka ufalme wa Uingereza, walikuwa nje ya kuta, na Laurence ndiye aliyetumwa kupatanisha. Mazungumzo yakiwa bado yanaendelea, baadhi ya wapiganaji wa Strongbow wakaparamia kuta na kuanza kuua. Strongbow alikuwa amemwoa Aoife, binti wa Diarmait, mpwa wake Laurence. Kwa hiyo Laurence alikuwa akisuluhisha na wakwe zake. Miaka mitano baadaye alikuwa miongoni mwa waliosimamia mkataba wa Windsor kati ya Henry II, mfalme wa Uingereza, na Rory O'Connor, mfalme mkuu wa Ireland. Mkataba haukudumu.

Ni kweli alipigwa akiwa altareni?

Ndiyo, huko Canterbury, ambako askofu mkuu Thomas Becket aliuawa mwaka 1170, akahesabiwa mfiadini. Mtu mwenye wazimu, aliyetaka kumfanya mfiadini wa pili, alimpiga kichwani na kumwangusha. Laurence aliomba maji, akayabariki, jeraha likaoshwa, akaendelea na Misa. Mfalme aliamuru mtu yule anyongwe, Laurence akamwombea msamaha.

Kwa hiyo ni mfiadini?

Hapana. Alikufa kwa homa mjini Eu, Normandy, mwaka 1180, akiwa amemfuata Henry II ili kumpatanisha tena na Rory. Alipohimizwa aandike wosia alijibu kwamba Mungu anajua hana hata peni moja. Papa Honorius III alimtangaza mtakatifu mwaka 1225.

Na moyo wake je? Nasikia uliibiwa.

Moyo huo, uliotunzwa kama masalia yake, uliibiwa mwezi Machi 2012 kutoka Christ Church, ndani ya kikasha cha mbao kilichofungiwa kwenye kizimba cha chuma. Polisi waliupata 2018 katika bustani ya Phoenix Park, nao ukarudishwa kanisani. Wakatoliki wanaopanga kwenda kuuona wajue kwamba Christ Church sasa ni ya Waanglikana, tangu Matengenezo ya Kiprotestanti ya karne ya 16.