Omar Khayyam hakupanda basi

SWALI: Naandika makala kuhusu rubai, yaani mashairi ya mishororo minne, za Omar Khayyam, mshairi wa kale wa Uajemi. Niseme zimefasiriwa au zimetafsiriwa kutoka Kiajemi kwenda Kiswahili?

JIBU: Hilo la kwanza ni jepesi. Fasiri na tafsiri zina mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kufafanua. Kugeuza lugha Waarabu huita tarjama, nasi tukapata tarjumi. Zote halali. Mimi husema kutafsiri, na mtendaji namwita mfasiri. Asemaye vingine sigombani naye.

Ninayegombana naye ni huyo “kwenda”. Kutoka Mbezi kwenda Moshi, sawa, kata tiketi. Lakini rubai hazisafiri. Zingekuwa zinasafiri, Kiajemi kingebaki mikono mitupu. Mtu amebeba vihusishi viwili vya Kiingereza, “from” na “to”, akavivika kanzu, sasa vimo hata kwenye tasnifu.

Shaaban Robert, aliyezitafsiri rubai hizo, alikiitaje kitabu chake? *Omar Khayyam kwa Kiswahili*. Maneno manne, kama mishororo ya rubai yenyewe, na hiyo “kwa” ya herufi tatu imefanya kazi yote. Hebu mpe jalada hilo mhariri wa leo: *Omar Khayyam Kutoka Kiingereza Kwenda Kiswahili*. Lisome kwa sauti. Hapo bado hajaongeza “lugha ya” mara mbili, na ataongeza.

Nimesema Kiingereza, si Kiajemi, kwa sababu sentensi yako ina kosa jingine. Shaaban Robert alitumia Kiingereza cha Edward FitzGerald, Mwingereza aliyetoa toleo la kwanza la beti 75 mwaka 1859, na FitzGerald hakuwa mtu wa kufuata neno kwa neno. Mwenyewe alikiri katika barua kwamba rubai nyingi amezipondaponda pamoja. Mchambuzi Edward Heron-Allen alipozilinganisha beti zake na za Kiajemi mwaka 1899 alikuta beti 44 ambazo kila mmoja umeunganishwa kutokana na rubai zaidi ya moja. Kwa hiyo hata ukishikilia basi lako, abiria alishushwa Suffolk, Uingereza, kwao FitzGerald, akabadilishwa nguo.

Kuna wanaoita kazi ya namna hiyo “utohozi”. Hapana. Kutohoa ni kuchukua neno na sauti yake, kama baiskeli. FitzGerald alitunga upya juu ya msingi wa mwingine. Sema hivyo, au sema tafsiri huru.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, angalia mahali panapouma. Rubai ina mishororo minne, na kwa kawaida wa kwanza, wa pili na wa nne hufanana vina. Wa tatu huachwa huru. Hapo msikilizaji hubaki ananing'inia, kisha wa nne humrudisha. Tarbia yetu, shairi la kawaida la Kiswahili, nayo ni ya minne, basi wengi huona wamepata kipimo tayari. Lakini mleo, mshororo wetu wa tatu, hudai kina kama wenzake, na kinachoruhusiwa kubadilika ni kituo, mshororo wa mwisho. Ule mning'inio unakufa. Tena kuna mizani, yaani silabi, 16 kila mshororo, nane kwa nane, na kina cha kati juu yake: wazo la Khayyam likiisha kwenye mizani ya kumi, mfasiri hujaza zilizobaki kwa “jamani” na “sikiya”.

Kwa makala yako, andika: “Shaaban Robert alizitafsiri rubai za Omar Khayyam kwa Kiswahili, akitumia Kiingereza cha FitzGerald.” Mhariri akikurudishia “kwenda”, mwulize nauli.