Mafua ya ndege: kabla ya kutazama angani, geuza soli ya kiatu

Mimi ni mfugaji wa kuku, na kila mafua ya ndege yakitajwa kwenye taarifa ya habari naulizwa swali lilelile: nyama na mayai bado vinalika? Vinalika, mradi viive hasa. Joto la nyuzi 74 za Selsiasi linaua kirusi, kwa hiyo nyama isibaki na wekundu ndani na kiini cha yai kigande. Hatari kubwa iko kabla ya sufuria, kwenye kumchinja, kumnyonyoa na kumpasua ndege mgonjwa.

Chimbuko ni ndege wa majini: bata mwitu, bata bukini, shakwe. Wengi wao hubeba virusi bila kuugua na kuvimwaga kwa kinyesi na mate. Kuku hana bahati hiyo. H5N1, aina kali ya kirusi cha mafua ya ndege, ikishaingia bandani inaweza kumaliza karibu kundi zima kwa siku chache. Utaona upanga wa kichwani na ndevu za kuku vimevimba na kuwa vya zambarau, mayai yamepungua ghafla, au usione kitu ila mizoga. Mdondo, ugonjwa mwingine wa kuku unaoitwa pia kideri, nao huua hivyohivyo, kwa hiyo usibahatishe kwa macho. Mwite daktari wa mifugo, maabara iamue, na mizoga usiiguse mikono mitupu.

Tunawalaumu sana ndege wa porini, lakini kutoka banda hadi banda mchukuzi mkubwa ni sisi wenyewe. Geuza buti lako uangalie soli: kile kinyesi kilichokaukia kwenye mifereji kinatosha. Kuna matenga, magurudumu ya gari la chakula, na trei za mayai. Trei za karatasi haziwezi kuoshwa zikatakata, ndiyo maana kwangu zikitoka hazirudi. Kuku mgeni namtenga wiki mbili na zaidi.

Halafu kuna beseni la dawa mlangoni, ambalo wenzangu wengi wanalitegemea kama hirizi. Dawa ikikutana na kinyesi inapoteza nguvu. Sugua kiatu kwanza kwa brashi, maji na sabuni, ndipo ukanyage dawa. Sabuni yenyewe si ya kubezwa, maana kirusi hiki kimezungukwa na utando wa mafuta nayo huuvunja. Nikilazimika kuchagua kimoja, nachukua brashi.

Kwa binadamu, mwaka 1997 Hong Kong ilipata wagonjwa 18, wakafa 6. Tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limepokea taarifa za wagonjwa zaidi ya 900 wa H5N1, na karibu nusu yao walifariki. Wengi walikuwa wamegusa ndege wagonjwa au waliokufa. Kutoka mtu hadi mtu bado ni nadra. Mwaka 2024 virusi vilikutwa kwa ng'ombe wa maziwa Marekani, na paka waliokunywa maziwa mabichi wakafa. Chemsha maziwa.

Ukipata homa, kikohozi au macho mekundu ndani ya siku 10 baada ya kushika ndege wagonjwa, ukifika kwa daktari anza na habari za ndege, hata kabla ya kutaja homa. Madaktari wengi hawaulizi, na oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya mafua, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.